Sura ya Tano: Mwendo wa Clémentine

Kikula nzima, mtaa ule wa Likasi, ilijua mwendo wa Clémentine. Wasichana wengine walipita barabarani wakirusha shingo huku na huku, wakicheka, wakichungulia nani anawachungulia. Yeye alipita taratibu, shingo imenyooka, macho mbele, na mtu akimwita hakugeuza kichwa peke yake. Alisimama kwanza, kisha akageuka mwili mzima, mabega na kiuno na miguu, ndipo akakutazama. Na akikutazama, basi umetazamwa. Vijana wa kambi ya Kampani ya migodi walisema binti huyu anatembea sawa na bibi ya mukubwa wa kazi. Wengine walisema ni majivuno, na wale aliokwisha kuwakataa walisema ni majivuno kwa sauti ya juu zaidi.

Germain alisema ni uzuri. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za Kampani, mwanamume wa kifua kipana na maneno machache, na tangu siku alipouona mwendo ule mbele ya kanisa hakuwa na raha tena. Msomaji, kama hujawahi kumpenda mtu kwa jinsi anavyogeuka tu, usimcheke. Alianza kupitapita karibu na foyer, ile nyumba ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona na kulea watoto, na ambamo Clémentine alikuwa mwalimu wa cherehani. Hakuwa na mke wa kumsindikiza wala nguo ya kushonesha, lakini alipita. Mapenzi ni kikohozi. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, mama wauza karanga wa pale pembeni walikuwa wakimwambia wenyewe saa ambayo mwalimu hutoka.

Clémentine alimkubali, polepole kama alivyofanya kila jambo. Walipotembea pamoja alimhamishia daima upande wake wa kuume, na Germain akadhani ni heshima. Alipoketi alichagua kiti chenye ukuta nyuma yake. Mara nyingine alinyamaza katikati ya maneno, akabandika kiganja ukutani, akakazia macho kitu kimoja, dirisha au kitasa cha mlango, kisha akaendelea na hadithi palepale alipoiachia. Germain alidhani hayo ni mawazo ya mwanamke mwenye akili. Mtu akipenda, hata ukimya wa mwenzake huupa tafsiri nzuri.

Sasa mambo yalikuwa yamefika kwa wazazi. Baba yake Germain alikuwa marehemu, kwa hiyo neno lilikuwa la mama yake, Mama Adrienne, aliyekuja kutoka Kambove na sanduku la vikwembe, vitenge vyake vya kuvaa, ili amwone kwa macho yake huyo msichana wa watu wa Kasai. Juu ya Kasai, nchi ya wageni machoni pake, alinung'unika kidogo, kama mama yeyote wa upande wake angenung'unika. Lakini alipoona jinsi Clémentine alivyoshuka kupiga goti kumsalimu, bila haraka na bila kuyumba, nung'uniko likafifia. Padri alikuwa tayari kuitangaza ndoa kanisani Jumapili tatu mfululizo kama ilivyo desturi. Kilichobaki ni mama kusema ndiyo.

Kisha ikaja Jumapili ya chakula.

Kwao Mama Adrienne mwanamke hapimwi kwa uso wake. Hupimwa jikoni, na jikoni hupimwa kwa chumvi. Mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi katika chungu cha watu, humwita dada au jirani amtilie. Na mwanamke aliyetoka kwa mwanamume asiye wake hathubutu kabisa, maana chumvi ya mkono ule, wanasema, humpiga kifuani kila atakayeionja. Ndiyo sababu mama mkwe akija kula huketi karibu na mlango wa jiko, akijifanya anatafuta hewa, macho yake yakiwa kwenye mkono wa binti.

Clémentine alipika vizuri. Kuku alinukia, sombe ya majani ya muhogo iliiva ikalainika, bukari, yaani ugali, ilitoka nyeupe na laini. Lakini kila chungu kilipokaribia kuiva, alijipakulia kidogo katika sahani yake pembeni, kisha akamwita mdogo wake Alphonsine, akamwambia atie chumvi ya wageni. Hakuigusa hata kwa ncha ya kidole. Mama Adrienne aliona. Alinawa mikono, akaketi, akakitazama chakula, akanawa tena. Akasema tumbo lake limejaa.

Njiani hakutoa neno. Alilitoa nyumbani kwa Germain, huku akifungua kilemba. Kama zingekuwa siku zake tu, alisema, hilo si kosa, kila mwanamke anazo. Lakini yeye alikuwa amemdodosa Alphonsine kwa ujanja, na Alphonsine, pasipo kujua anachokisema, alijibu kwamba dada yake hashiki chumvi kamwe, masika na kiangazi.

"Mwanamuke ya kuogopa munyu, anaogopa kitu," alisema Mama Adrienne. "Iko na mwanaume, Germain. Njo ile tu."

Akaongeza kwamba Jumapili inayofuata, baada ya misa, angerudi kwake Kambove, na kwamba angerudi bila mkwe.

Germain alilibeba neno hilo juma zima. Kazini alichomelea mshono mmoja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuutazama. Alijaribu kumtetea Clémentine moyoni mwake, na kila alipomtetea, wivu ulimletea kumbukumbu nyingine: ule ukimya wa ghafla, yale macho yanayokwenda mbali, ile tabia ya kukataa kupakiwa kwenye baiskeli. Anamkumbuka nani anaponyamaza vile? Jumamosi mchana, alipotoka kazini, hakupita hata nyumbani kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja foyer.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuondoka. Clémentine alikuwa akifunika cherehani kwa vitambaa. Alisikia viatu vyake mlangoni, akasimama, akageuka mwili mzima na tabasamu lake likiwa tayari usoni. Germain aliliona tabasamu lile na likamuuma, maana alilipenda hata sasa.

"Ni nani?" aliuliza, bila salamu.

"Nani gani?"

"Ule mwanaume. Mama aliona vile haukutia munyu. Alphonsine anasema hautiake hata siku moja. Basi uniambie jina yake, minye mwenyewe nisikie."

Clémentine alimtazama kama mtu anayeongeleshwa lugha asiyoijua. Alikuwa amezaliwa Likasi, mji ambao wazee bado waliuita Jadotville, lakini jiko alifundishwa na mama yake wa Kasai, na mama huyo hakuwahi kumwambia kwamba chumvi inaweza kumshitaki mtu. Ilibidi Germain amweleze desturi yote, mwanzo hadi mwisho, huku akiona haya. Alipomaliza, Clémentine alicheka kidogo. Kisha macho yake yakajaa maji.

"Kwetu munyu ni munyu," alisema.

"Basi juu ya nini hauigusi?"

Alilitafuta benchi kwa mkono, akaketi mgongo ukiwa ukutani, akaiweka mikono yake magotini. Germain alibaki amesimama. Alikuwa na hasira bado, lakini alianza kuogopa, kwa sababu hakuwahi kumwona akitafuta maneno.

"Nikikuambia, utaniacha," alisema Clémentine. "Nikinyamaza, utaniacha. Sasa kuliko uniache juu ya uongo, uniache juu ya kweli. Sikio yangu ya kushoto njo inakatala munyu."

Germain alidhani anadhihakiwa. Alikuwa karibu kuondoka. Lakini Clémentine aliendelea, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaeleza wanafunzi wake jinsi ya kukata shingo ya blauzi, na alivyozidi kusema ndivyo miguu ya Germain ilivyozidi kukataa kuondoka.

Ilianza mwaka alipoanza kufundisha. Alikuwa akirudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Sikio la kushoto likaziba kama lililotiwa pamba, ikaja filimbi ndani yake, filimbi ya treni isiyofika, kisha njia yote ikaanza kuzunguka, nyumba na miti na watu, akaenda chini na ndoo. Alilala pale ameshikilia majani kwa vidole, akiamini kwamba akiachilia atarushwa. Waliokuwa karibu walisema msichana wa watu amekunywa lutuku asubuhi yote hii. Tangu siku ile hali hiyo humjia inapotaka. Inaweza kumwacha miezi, akaisahau, ikarudi siku amevaa nguo yake nzuri. Munganga wa hospitali alimwambia kwamba maji yaliyo ndani kabisa ya sikio hujaa kupita kiasi, na kwamba hakuna dawa ya kuyamaliza, ila yapo mambo ya kuyatuliza. Alale kichwa kimeinuka. Asigeuke kwa ghafla. Na aiache chumvi, maana chumvi hushika maji mwilini. Chakula cha wageni hawezi kukionja, kwa hiyo humwachia Alphonsine akitie chumvi na kukionja.

Kisha akamwambia habari za Kakanda. Kabla ya Germain alikuwapo kijana mmoja wa huko, jina lake Lambert, aliyemtaka kwa ndoa. Akapelekwa kuonyeshwa kwao. Ikamkamata mezani, akaanguka pamoja na kiti, na kabla hajaweza kufumbua macho alisikia kikombe alichokinywea kikipasuliwa nje juu ya jiwe. Jioni, neno lililotembea Kakanda lilikuwa kifafa. Lambert hakumsindikiza hata hadi kwenye lori.

"Minye haina na kifafa," alisema Clémentine. "Lakini nilijifunza kunyamaza."

Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wahenga, na wahenga hawakuwahi kuvunjiwa kikombe. Germain aliketi kwenye ncha ya benchi. Kichwani mwake mambo ya mwaka mzima yalikuwa yakihama, kila moja likikaa mahali pake pa kweli.

"Na ile kutembea yako?" aliuliza taratibu. "Ile batu yote banasemaka ni majivuno?"

"Nikigeuza kichwa mbio, dunia inanikimbia. Basi natembea vile isinikimbie."

"Na vile unaniwekaka ku mukono ya kuume?"

Clémentine aliinamisha macho. "Ku kushoto sisikie muzuri. Na minye nilitaka kukusikia."

Tuseme ukweli: Germain alilia. Si kilio cha sauti, alikuwa mwanamume wa karakana, lakini alipangusa uso kwa kiganja chenye masizi na uso ukawa mweusi. Aliona haya kwa wivu wake. Kupita haya, aliona fahari, fahari ya ajabu, kwamba mwanamke huyu alikuwa amebeba jambo hili kila siku mbele ya macho ya mji mzima, akafundisha, akashona, akacheka, akapiga goti mbele ya mama yake bila kuyumba, na watu wasione chochote ila uzuri. Alitaka kwenda kulitangaza sokoni.

Aliinuka, akasema anakwenda sasa hivi kumweleza mama yake. Clémentine alimshika mkono.

"Ukisema kizunguzungu, yeye atasikia kifafa. Bote banasikiaka ile."

"Basi tutaoana bila yeye."

"Hapana. Minye siingie mu nyumba ya batu na dirisha." Akainuka kwa utaratibu wake. "Twende. Nitamuambia minye mwenyewe."

"Na ikikukamata kule?"

"Basi ataiona na macho yake."

Walitembea juani, na Germain, bila kuambiwa, alikaa upande wa kuume. Hakuwahi kuutazama ule mwendo kama alivyoutazama siku ile. Kila hatua aliiona kuwa kazi, na kazi yenyewe imefanywa vizuri hata haionekani.

Nyumba ya Germain ilikuwa ya kambi, vyumba viwili na baraza. Mama Adrienne alikuwa chumba cha mbele, ameketi mkekani, akikunja vikwembe na kuvipanga sandukuni kwa safari ya kesho. Aliwaona, akajibu salamu ya Clémentine kwa midomo tu. Hakumwambia aketi. Germain alileta kigoda mwenyewe, akakiweka karibu na ukuta.

Clémentine alisema yote. Hakupunguza na hakujipendekeza. Alisema habari ya chumvi, akaomba radhi kwamba hakuijua desturi, akasema habari ya sikio na ya munganga. Mama Adrienne aliendelea kukunja. Lakini neno la kuanguka lilipotajwa mikono yake ilisimama, na polepole, pengine pasipo kujua anachokifanya, akakichukua kikombe chake kilichokuwa sakafuni kati yao akakisogeza nyuma yake.

Germain alikiona kikombe kikisogezwa, na moyo wake ukavunjika. Clémentine pia alikiona. Akanyamaza, na ukimya wake safari hii Germain aliutambua. Rangi ilimtoka usoni. Mkono wake wa kushoto ulikwenda sikioni.

"Mama," alisema, "inakuya. Utaiona. Musinishike. Musinimwangie maji. Musiite batu. Germain, leta beseni."

Akashuka kutoka kigodani kabla hajaangushwa, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, viganja vimebandikwa kwenye saruji. Macho yake yalitafuta ukutani ng'ambo, yakaupata msumari mtupu uliokuwa juu ya mlango, yakaung'ang'ania. Jasho lilimtoka mara moja. Mboni za macho zilianza kukimbia upande mmoja na kurudi, upande mmoja na kurudi, na yeye akizirudisha kwenye msumari kila mara.

"Uniulize, Mama," alisema, maneno yakipita katikati ya meno. "Uniulize tu. Nitakujibu."

Mama Adrienne alikuwa amejibana pembeni, kikwembe kimoja kifuani. Alikijua kifafa. Alijua kwamba aliyekamatwa nacho huondoka, mwili hubaki na mwenyewe hayupo, na ukimwita hasikii. Hata hivyo akauliza.

"Uko wapi?"

"Kwa Germain. Kambi ya Kampani."

"Minye nani?"

"Weye Mama Adrienne wa Kambove. Ulinawa mikono mara mbili kwetu na haukukula."

Germain, aliyekuwa amepiga magoti na beseni mikononi, alikaribia kucheka katikati ya hofu yake. Mama yake alisogea kidogo.

"Nyumba inafanya nini?"

"Inazunguka, inaenda kuume. Musumari inakimbia. Nairudisha, inakimbia tena."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Lakini naijua. Itachoka mbele ya minye kuchoka."

Ikamgeuza tumbo, akatapika katika beseni, akaomba radhi, akatapika tena, na macho yake mara yalipoweza yakarudi kwenye msumari. Germain alimwinukia. Hakuweza kuvumilia, mikono yake ilitaka kumkumbatia na kuisimamisha dunia kwa nguvu. Mkono wa mama yake ukamkamata kwenye kiwiko.

"Wacha. Alisema hapana kumushika."

Wakabaki hivyo, mama na mwana, wakimtazama mwanamke anayepigana ameketi. Hakulia, hakuita, hakujitupa. Alipumua kupitia puani, polepole, akihesabu labda, au akisali. Na kadiri Mama Adrienne alivyomtazama ndivyo uso wake ulivyobadilika, ukawa uso wa mtu anayeona jambo alilotamani kuliona zamani sana.

"Na siku utakuwa na mutoto mu mugongo," aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kumpima mtu, ilikuwa ya kutaka kujua, "ikikukamata, utafanya nini?"

"Nitakaa chini, Mama. Muntu ya kukaa chini hana fasi ya kuanguka."

Mama Adrienne alikuja kwa magoti juu ya saruji, magoti ya utu uzima yanayolia, hadi ubavuni mwa Clémentine. Akafungua kikwembe kile kipya alichokuwa amekikumbatia.

"Naweza kukupanguza kinywa?"

"Polepole, Mama. Kichwa isitingishike."

Akampangusa. Alimpangusa kinywa, akampangusa kidevu, akampangusa jasho la shingo, kwa uangalifu wa mtu anayepangusa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Na alipokuwa akifanya hivyo alianza kusema, bila kumwelekea yeyote, jambo ambalo Germain hakuwahi kulisikia maishani mwake. Alisema alikuwa na dada, Philomène. Huyo kifafa kilimkamata kweli. Siku moja kilimwangusha karibu na moto, na watu wote walisimama mbali, kwa sababu walifundishwa kwamba povu lile huambukiza. Yeye Adrienne alikuwa msichana mdogo, na mama yao alimshika mkono asikimbie kumgusa dada yake. Alipofika aliyethubutu, walikuwa wamekwisha kuchelewa.

"Hatukumugusa," alisema. "Hata minye."

Clémentine hakuweza kugeuka. Lakini mkono wake mmoja uliachana na saruji, ukatafuta, ukaukuta mkono wa Mama Adrienne, ukaushika.

"Hata kama ingekuwa kifafa, mutoto wangu," alisema Mama Adrienne, "leo ningekupanguza."

Germain hakujua aangalie wapi. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya kumtetea mpenzi wake, na hakuna hata moja lililohitajika. Aliwatazama wanawake wawili aliowapenda duniani wakiwa wameshikana mikono sakafuni mwa nyumba yake, na akaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgeni.

"Mama," alisema mwishowe, "padri anangoja jibu. Nimuambie nini?"

Mama Adrienne alikunja upande mchafu wa kikwembe ndani, akatafuta upande safi.

"Usiniulize minye," alisema. "Nilikuya kumupima, na yeye njo alinipima. Minye nilishindwa, ulikiona kile kikombe. Muulize yeye kama anatutaka."

Basi Germain alisogea, akapiga magoti mbele ya Clémentine, uso wake wenye masizi karibu na wa mpenzi wake. Akamwita kwa jina tu.

"Toka mbele ya musumari," alisema Clémentine.

Akatoka upesi, akaketi ubavuni mwake upande ule wa kuume. Na kwa mara ya kwanza tangu walipoingia, kona ya mdomo wa Clémentine ilicheza kidogo.

"Nisikuye kujibu neno ya maisha yangu yote wakati nyumba inazunguka," alisema. "Ngoja isimame kwanza."

Wakangoja. Walikaa wote watatu sakafuni, migongo ukutani, macho kwenye msumari mmoja, mama na mwana wakiukazia kwa bidii kuliko mwenye ugonjwa. Nje majirani walipita wakisalimiana, mtoto wa mtu alilia akabembelezwa, na jua likasogea kutoka mlangoni. Mama Adrienne hakuuachia mkono ule. Germain alihisi bega la Clémentine likitetemeka dhidi ya lake, kisha likitetemeka kidogo tu, kisha likitulia.

Clémentine alivuta pumzi ndefu. Alifumba macho, akayafumbua, akautazama msumari, akautazama tena.

"Imesimama," alisema. "Ndiyo."